Hamira Katika Mtungi wa Stefania

Jumamosi, 9 Januari 1993

Mvua tangu alfajiri. Daftari hili nililiweka la kuandikia mikutano ya akina mama wa parokia, lakini mikutano yetu haina la kuandika zaidi ya nani kachelewa. Basi nitaliandikia jambo ambalo siwezi kumwambia mtu: chachu ya Stefania imekufa, na aliyeiua ni mimi.

Stefania alikuwa mama mkwe wangu. Aliponiachia mtungi wake wa pombe aliniambia nisiuoshe, niusuuze tu kwa maji baridi, na lile tope la mwisho libaki chini likisubiri ulezi mwingine. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita. Watu hutoka hata kijiji cha Kate kuja kunywa, na hawasemi pombe ya Bertila, wanasema pombe ya Stefania, nami sijawahi kuona vibaya. Kabla ya Krismasi wakapangwa akina mama wa jimbo waje kulala kwangu. Mtungi ulinuka, au niliona unanuka, maana mgeni akikaribia mtu huanza kuinusa nyumba yake. Nikachukua sabuni ya unga ambayo mwanangu Flavian aliileta kutoka Tunduma, ile ya povu jingi, nikausugua mpaka ukang'aa. Wageni wenyewe hawakuingia hata jikoni.

Tangu hapo nimejaribu mara mbili kwa kimea kitupu. Mara zote imelala chini kama uji wa mgonjwa.

Chachu huombwa, najua. Ningeweza kwenda kwa wifi yangu Angela na kibuyu changu, akanipa. Lakini Angela ni dada wa marehemu mume wangu, na ni binti wa Stefania. Nikimwomba chachu nitakuwa nimemwambia kwamba nimemuua mama yake mara ya pili. Na msimu wa ntumba, yale matuta yetu ya mviringo, umefika. Bila pombe hakuna atakayekuja na jembe kunifukia nyasi kwenye vile vichuguu, na nyasi zisipofukiwa kabla mvua haijakata, mwakani shamba halina chakula.

Jumatano, 13 Januari

Nimekwenda Sumbawanga kwa lori la mahindi, nimerudi nimelowa hadi shimizi.

Zamani ukiingia dukani ulikuta kiberiti na mwenye duka, na kiberiti chenyewe kilikuwa cha mtu. Siku hizi kwa Enock, yule kijana mwenye duka karibu na stendi, huna pa kuweka kiwiko. Sabuni, biskuti, betri, mafuta ya nywele, vyote vimetoka Zambia au vimepitia Zambia. Nikamuuliza hamira. Akaweka tatu mezani: moja ya kopo lenye mfuniko, chembe zake ndogo kama mbegu za mchicha; moja ya pakiti nyekundu; na moja aliyoichota kwa kijiko kutoka kwenye gunia, akaifunga kwenye kijinailoni. Nikataka kujua ipi ni bora. Akasema, mama, hamira ni hamira, zote zinaumua. Nikamwambia kama ni hivyo asingekuwa nazo tatu. Akacheka, akaniuliza napika maandazi mangapi. Nilichukua zote, pakiti nikachukua mbili, nikazificha chini ya kapu la kimea nilipofika.

Ijumaa, 15 Januari

Fortunata, mke wa Flavian, alikwenda kuchukua maziwa, nikapata nafasi.

Vikombe vitatu. Maji ya vuguvugu ya kuweza kumwogeshea mtoto, sukari kijiko, hamira kijiko, kila moja kikombe chake. Ile ya kopo haikungoja hata nimalize kuosha kijiko. Ilipanda kama maziwa yanayochemka ikamwagika mezani. Ya pakiti ilikwenda polepole, ikatoa povu laini lenye harufu ya mkate. Ya kijinailoni ilitoa viputo vinne vitano ikanyamaza.

Nikazitia kwenye vibuyu vya togwa ili nione ladha, maana povu silo pombe.

Jumapili, 17 Januari

Nimeonja kabla ya misa, Mungu anisamehe. Ya kopo ni kali, imekula utamu wote, mtu atalewa kabla hajafurahi. Ya kijinailoni ni chachu kama siki. Ya pakiti ndiyo inayofanana na yetu, ingawa kwa mbali inasema mkate. Nimechagua pakiti. Kopo nimelipandisha juu darini penye moshi, lisipate unyevu.

Jumatano, 20 Januari

Nimetia hamira leo. Kwa siku tatu hizi nyumba iko kwenye mwiko: hakuna ugomvi, hakuna kulala na mtu. Ukoo huu ndivyo walivyo. Pombe ikikataa, hawaulizi ulezi, wanaulizana nani kavunja mwiko. Mimi na Fortunata ni rahisi kutii, mimi mjane na mume wake yuko Wampembe anahangaikia dagaa.

Jumamosi, 23 Januari

Imekubali. Majembe kumi na tisa, na robo ya shamba imekwisha kwa asubuhi moja. Wamekunywa hadi mirija ikakwaruza chini. "Stefania hajafa," wakasema, na mimi nikakubali sifa ya marehemu kwa uso mkavu.

Angela alikaa kwenye kigoda chake karibu na mtungi. Alinyonya mrija, akatazama juu, akanyonya tena. Akasema imekuwa nyepesi mwaka huu. Nikasema ni mvua, imeharibu ulezi. Akasema labda.

Masanja naye alikuja na jembe, yule Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake. Ntumba hazijui, alikuwa anakata nyasi kama anayechimba kaburi, na Fortunata alipomwonyesha namna ya kufukia wakacheka wote wawili. Angela hakucheka. Fortunata huyu ni mtoto wa kando ya ziwa, amekua akianika dagaa, ulezi aliujua kwa kuuona sokoni. Mwaka wa pili huu yuko kwangu na bado anashika mwiko kama anayepiga kasia. Nilimwambia Flavian wakati ule, wasichana wako wengi huku huku juu. Hakusikia.

Jumanne, 26 Januari

Mvua.

Alhamisi, 28 Januari

Mvua. Fortunata kaenda kwa Masanja kuchukua maziwa. Kakawia kidogo.

Jumamosi, 6 Februari

Leo nimeaibika. Jumatano pakiti ya pili niliikuta imelowa, paa limevuja juu ya kapu. Ya kopo niliogopa ukali wake, wangeitambua. Nikaona nisiharibu siku, nikatia ile ya kijinailoni, nikaongeza vijiko nikidhani wingi utasaidia. Asubuhi watu ishirini wamesimama uani na majembe, nafungua mtungi, imelala. Juu kuna utando kama wa uji uliosahauliwa. Mzee mmoja alichovya kidole, akakipangusa kwenye suruali. Wakaondoka mmoja mmoja kwa adabu, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko matusi.

Angela alibaki na wachache. Akauliza, taratibu kabisa, "Wifi, nani si msafi humu ndani?"

Tuko wawili humu ndani. Mimi nina miaka hamsini na mitatu. Wote waliobaki uani walimtazama Fortunata, naye alikuwa ameshika birika la maji ya moto, anasubiri kuambiwa amimine.

Nilikuwa na neno mdomoni na nikalimeza.

Jumatatu, 8 Februari

Mvua. Nyasi shambani zimefika kiunoni.

Jumatano, 10 Februari

Nimesikia kisimani. Wanasema maziwa ya Masanja yana bei ambayo hailipwi kwa shilingi. Waliponiona wakaanza kuzungumzia sabuni.

Fortunata nimemchunguza siku hizi kuliko mwanzo. Anaamka kabla yangu. Kwa ajili ya mguu wangu unaouma hunipasulia kuni nyepesi bila kuambiwa, halafu anajifanya zilikuwa zimekatika zenyewe. Sikuwahi kuliona hili, au niliona nikalipa jina jingine.

Jumamosi, 20 Februari

Imekataa tena. Nilianika ile pakiti iliyolowa nikaitia, nikijua moyoni kwamba imeshaharibika. Mtu mwenye siri hana wa kumshauri. Safari hii walikuja saba tu. Waliangalia mtungi, wakamwangalia Fortunata, wakaangaliana.

Jumatano ya Majivu, 24 Februari

Niliungama. Nikamwambia padre kwamba nimetia hamira ya dukani kwenye pombe na kuiita ya mama mkwe wangu. Nilimsikia akicheka puani. Akaniambia hamira si dhambi, nisali Salamu Maria tatu na nipunguze pombe yenyewe. Habari ya Fortunata sikuitaja. Niliungama nusu, nimetoka na majivu kwenye paji la uso na ile nusu nyingine imekaa pale pale.

Jumapili, 28 Februari

Kanisani benchi letu tumekaa wawili. Kwa kawaida hujaa watu sita.

Alhamisi, 4 Machi

Mvua ya mawe. Mahindi yamechanika. Mtu kasema kisimani kwamba hata mbingu zinajua.

Ijumaa, 5 Machi

Mwaka juzi kulikuwa na mzee kule chini, nyumba yake ilichomwa kwa sababu ng'ombe watatu walikufa baada ya yeye kupita. Sijui kwa nini nimemkumbuka leo. Alikuwa akinunua pombe kwangu, alipenda kukaa peke yake na mrija wake. Asubuhi ile sote tulisema hatukusikia kitu.

Jumatatu, 8 Machi

Masanja alikuja mwenyewe hadi uani, kofia mkononi. "Shikamoo mama," akasema, na akabaki amesimama. Nilimkaribisha akae, akakataa. Alisema amesikia maneno, na kwamba maziwa humpa Fortunata mke wake, yeye mwenyewe huwa machungani. Alitaka nijue. Nikamwambia najua. Akasema, basi mama waambie.

Nikasema nitawaambia. Alinitazama kama anayemtazama mteja anayesema atalipa kesho.

Jumamosi, 13 Machi

Dereva wa lori kaleta barua ya Flavian. Mistari miwili. *Mama nimesikia. Nafika Jumamosi ijayo, shangazi alimalize hilo jambo kabla sijafika maana nikilimaliza mimi litakuwa baya.*

Nilimzaa mimi, naye ana hasira za baba yake. Mwaka mmoja alimpiga fahali kwa mpini mpaka akalala.

Barua nilimpa Angela, ilimtaja yeye. Aliisoma akiiweka mbali na macho. Sioni chuki kwa Angela, na hilo ndilo linaloniogopesha, chuki ningeijibu. Anaamini. Amesema Alhamisi Fortunata atashika mwiko. Ni desturi yao ya kale, nimeiona mara moja tu nikiwa bibi harusi: anayeshukiwa hukoroga chachu kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wanawake wa ukoo, mtungi unafungwa na kuzibwa kwa udongo, unafunguliwa asubuhi ya tatu. Ikipanda, ni msafi na hakuna atakayelisema tena. Ikilala, hurudishwa kwao.

Yule niliyemwona mimi, yake ililala. Alirudishwa kwao akiwa amenyolewa.

Jumatatu, 15 Machi

Ningeweza kusema. Nimekaa kutwa nikipanga maneno. Kila nikiyapanga yanaanza na "niliuosha mtungi wa Stefania" na hapo ulimi unagoma. Mficha uchi hazai, waliponiambia hivyo nikiwa na uchungu wa Flavian nilimpigia mkunga kelele. Sasa nimeona njia nyingine. Nikamshauri Fortunata asiogope. Akasema, "Siogopi, mama." Alikuwa anachambua mboga na hakuinua uso.

Jumanne, 16 Machi

Vikombe vitatu tena. Ile ya kijinailoni imekufa kabisa, haina hata kiputo. Masalio ya pakiti yamezunguka kidogo yakazama. Nikalishusha kopo kutoka darini, nikatia chembe chache tu. Ikapanda.

Kwa hiyo chaguo si langu tena. Itakuwa ya kopo.

Jumatano, 17 Machi

Nimesaga kimea kizuri kabisa nilichonacho. Hamira ya kopo ni chembe kavu, ukiichanganya kwenye unga wa kimea hakuna jicho litakaloitenga. Nilitia kijiko kimoja, kama nilivyopima Januari. Nikafikiri, na baridi hii ya mvua je? Nikatia cha pili. Nikafikiri habari ya Flavian. Nikageuza kopo nikamimina yote, nikaligonga kitako lisibakie chembe. Kisha nikachanganya kwa mikono miwili mpaka mabega yakauma.

Alhamisi, 18 Machi

Wanawake tisa. Mvua imekatika kidogo, jua la kizungumkuti. Angela alisali kwanza, Baba Yetu, halafu akasema na Stefania kwa Kifipa kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili.

Fortunata alikunja mikono ya gauni. Nikampa ungo wa kimea. Alipoupokea aliuinamia, akavuta pumzi, akanitazama. Nikadhani anataka kulia. Akaumimina, akakoroga, mara hii hakushika mwiko kama kasia, alikoroga kama mimi, kutoka chini kwenda juu. Mtungi ukafungwa kwa jani la mgomba, ukazibwa udongo. Angela akaweka alama ya kidole chake kwenye udongo.

Ijumaa, 19 Machi. Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu

Lazima niandike yote, hata kama mkono hautaki.

Kumepambazuka nikasikia Angela ananiita kutoka jikoni. Alikuwa amelala pale kulinda. Nilikuta udongo umepasuka, jani limerushwa kando, na povu limeshuka mtungi mzima, limevuka mafiga, limefika kizingitini. Lilikuwa bado linatembea. Lilikuwa linatoa sauti ya chini, kama mtu anayesema na nafsi yake.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nikasema, "Mmeona? Imepanda. Mtoto ni msafi."

Wanawake wengine wa ukoo walikuwa wamekwishafika, wamesimama nje ya mlango na hakuna aliyetaka kukanyaga lile povu. Angela alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nimemfahamu mwanamke huyu miaka thelathini na sijawahi kumwona akiogopa.

"Pombe ya mama yangu hupanda kwa siku tatu," akasema. "Hii imepanda kwa usiku mmoja. Wifi, hii si pombe. Hapa kuna mkono."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kwa mwezi mzima walikuwa wanasema mtoto huyu ni malaya. Kufikia saa mbili asubuhi walikuwa wanasema neno jingine, na hilo halirudishwi kwao, hilo huchomewa ndani ya nyumba. Mmoja akakumbusha kwamba watu wa ziwani wanajua mambo. Mwingine akakumbuka mvua ya mawe. Wamekubaliana kwamba kesho Flavian akifika wanaume watakaa, na hadi hapo Fortunata asitoke uani. Vijana wawili wamekaa njiani na mapanga, wanasema wanakata nyasi.

Mchana nilimfuata Fortunata jikoni. Alikuwa anafuta sakafu. Nikafunga mlango, nikamwambia yote, kuanzia sabuni. Nilisema kwa haraka, nikitazama mafiga.

Aliponisikiliza hadi mwisho akafungua fundo la kanga yake. Ndani kulikuwa na pakiti mbili nyekundu tupu na kile kijinailoni.

"Vilikuwa chini ya kapu la kimea, mama. Nilivikuta Januari. Ulipovitupa jalalani nilivitoa, wasije wakaviona."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, kwa nini alikubali kushika mwiko mbele ya watu tisa hali anajua.

"Ile ilikuwa heshima yako," akasema. "Nilikuwa nakungoja useme wewe."

Nililia. Yeye hakulia. Alinifuta uso kwa ncha ya kanga ile ile, akaendelea kufuta sakafu.

Jumamosi, 20 Machi

Flavian kafika saa nne, tope hadi magotini. Alinisalimu mimi, kwa mke wake hakupeleka salamu. Wanaume wamekaa uani kwangu, wanawake nyuma, Angela mbele ya wote. Nikasimama kabla hawajafungua kikao.

Nikasema niliuosha mtungi wa Stefania kwa sabuni ya unga, nikaua chachu, na tangu Januari wamekunywa hamira ya dukani. Nikaonyesha pakiti, nikaonyesha kijinailoni, nikaonyesha kopo. Nikaeleza kwamba hiyo ya kopo ndiyo iliyopasua udongo. Uso wa Angela uliniumiza niliposema kuhusu sabuni, lakini nilisema hadi mwisho.

Mzee mmoja akasema, tuonyeshe. Nikaomba maji ya vuguvugu na sukari. Fortunata akaleta bakuli. Nikafungua kopo, nikaligeuza.

Halikuwa na kitu; kwa hofu nilikuwa nimesahau. Niliimimina yote mwenyewe, nililigonga kitako kwa mkono wangu. Nikasuuza kopo ndani ya bakuli, nikangoja, na wao wakangoja nami kwa heshima. Maji yalibaki maji. Nikatia na ya kijinailoni, nikijua imekufa. Nzi akatua juu yake.

Angela akasema kwa upole, "Mama mkwe mwema huyu. Anamficha mtoto."

Nikawaambia twende Sumbawanga, kwa Enock, nitawanunulia kopo jingine. Wakasema lori ni Jumanne. Flavian alikuwa amesimama tayari. Nilimwona anatazama mpini wa jembe uliokuwa ukutani, nikawaona wale vijana wawili wameingia uani na hakuna aliyewaita. Fortunata alikuwa amepiga magoti kando ya bakuli, anasubiri.

Ukweli nilikuwa nimekwishauleta wakaukataa. Nikawapa kile walichokuwa wanakitaka.

"Basi kama kuna mkono, ni mkono wangu," nikasema. "Kimea nilikisaga mimi. Huyu alikoroga tu nilichompa. Mmekunywa kwangu miaka ishirini na sita, mmewahi kujiuliza kwa nini mlikuwa mnarudi?"

Neno hilo waliliamini mara moja. Hawakuomba maji wala sukari. Kigoda cha Angela kilianguka alivyosimama. Watu walirudi nyuma wote pamoja, nami nikabaki katikati ya uwanja wangu na kopo tupu. Mwanangu akamshika mke wake mkono, akamwinua, akamvuta nyuma ya mgongo wake ili mimi nisimfikie. Hajawahi kumshika kwa upendo kiasi kile mbele yangu.

Jumapili, 21 Machi

Wameondoka jogoo wa kwanza alipowika, kwenda Wampembe. Flavian hakuniaga. Fortunata alikuwa amebeba beseni kichwani. Mbele ya nyumba ya Masanja alisimama, akasema maneno na mke wake, kisha wakashuka. Yuko hai na jina lake ni safi. Nimesali rozari nzima kwa ajili ya hilo.

Ijumaa, 26 Machi

Mvua.

Jumanne, 30 Machi

Mvua. Kisimani wananipisha. Kwa mara ya kwanza maishani sipangi foleni.

Jumapili ya Pasaka, 11 Aprili

Benchi nilikaa peke yangu. Wakati wa kupeana amani nilinyoosha mkono, nikaurudisha.

Jumatano, 14 Aprili

Mjukuu wa Angela anaumwa tumbo, anatapika. Nilitaka kupeleka uji wa ulezi. Nimefika nusu ya njia nikarudi.

Jumapili, 18 Aprili

Mtoto hajapona. Asubuhi nimekuta nyayo nyingi uani, zimezunguka nyumba mara moja na kusimama kwenye dirisha ninapolala. Nimezifagia.

Alhamisi, 22 Aprili

Masanja kapita na ng'ombe wake. Ndiye pekee anayekanyaga huku. Alikuwa Sumbawanga mnadani, kanipa kopo la hamira, jipya, mfuniko haujaguswa. Kasema Fortunata aliacha maagizo kwa mke wake siku ile alipoondoka, likipatikana aniletee, na niambiwe sasa ninaweza kuwaonyesha. Kisha akatazama paa langu la nyasi. Nyasi zimeanza kukauka, maana mvua imekata tangu Jumatatu. Akaniambia mama, ni heri ulale kwetu siku hizi mbili tatu. Nikamshukuru. Nikamwambia nina kazi kidogo kwanza.

Ijumaa, 23 Aprili

Hakuna mvua. Nimechemsha maji, nikayaacha yapoe hadi ya kumwogeshea mtoto. Sukari kijiko, hamira kijiko, katika bakuli la kioo ili ionekane vizuri. Imepanda kabla sijaosha kijiko.

Nimeiweka dirishani, upande wa njia, apitaye aone. Nimekaa karibu nayo tangu saa tatu asubuhi hadi jua limeshuka nyuma ya milima, nikiongeza sukari kila inapotulia. Hajapita mtu.